Miezi Mitatu ya Mbegu: Mwongozo Kamili kwa Mume Anayesubiri Mtoto, Malindi hadi Lamu

Mbegu ya kiume inayotoka leo ilianza kutengenezwa kama miezi mitatu nyuma. Korodani huchukua takriban siku 74 kuikamilisha, kisha mbegu husafiri wiki moja hadi mbili ndani ya mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani. Mrija huo ukinyooshwa hufika kama mita 6, na humo ndimo mbegu inapopata uwezo wa kuogelea. Kwa hiyo malaria iliyokulaza Ramadhani inaweza kuonekana kwenye kipimo cha baada ya Idi, na muguka (majani ya kutafuna, ndugu wa miraa) uliouacha juzi bado uko kazini. Hatua zote zilizomo humu zimepangwa kwa hesabu hiyo ya miezi mitatu.

Nafanya kazi ya maabara hapa Malindi, na nimezoea kuona mke akiletwa peke yake. Ameshapigwa ultrasound, ameshapimwa homoni, ameshakunywa dawa za mitishamba za shangazi wawili, na mume bado yuko nje kwenye benchi na simu yake. Ukimwita anajibu, "Dokta, mimi mzima. Mpimeni huyu." Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo upande wa mume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu ni cha siku moja, hakina sindano, na ni rahisi kuliko vingi anavyopitishwa mke. Sioni sababu ya kukiweka mwisho.

Jambo jingine la kuondoa njiani mapema: nguvu za kitandani na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili. Mwanamume anaweza kuwa simba chumbani na kikopo chake cha kipimo kisiwe na mbegu hata moja.

Kwanza, hesabu miezi mliyokuwa pamoja

Madaktari huanza kuhesabu tatizo baada ya miezi 12 ya kukutana kwa kawaida bila kinga, au miezi 6 ikiwa mke amevuka miaka 35. Kinachohesabiwa ni kukutana. Miaka ya ndoa haimo. Huku kwetu tofauti hiyo ni kubwa. Mvuvi wa Kizingitini anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, wiki tatu na kurudi siku nne, dereva wa trela, kijana aliye Saudia anayekuja likizo mara moja kwa mwaka: hawa wanaweza kuwa na ndoa ya miaka mitatu na miezi minne tu ya kuwa pamoja.

Mke hushika mimba ndani ya siku kama 6 za kila mwezi, yaani siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, hamtazikosa. Kama kazi yako ni ya dago, chukueni kalenda ya hedhi ya miezi mitatu au minne, muone siku zake zinaangukia wapi, kisha panga safari kwa siku hizo. Nimewajua watu waliomaliza tatizo lao hapo hapo.

Usisubiri hiyo miezi 12 kama uliwahi kuvimba korodani kwa matubwitubwi ukubwani, kama ulizaliwa korodani haijashuka, kama ulifanyiwa upasuaji wa ngiri au wa busha (maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani), au kama uliwahi kutibiwa saratani. Nenda sasa.

Kilichomo ndani ya mbegu zaidi ya jeni

Sehemu hii inaweza kurukwa na mwenye haraka, ila ndiyo inayoeleza kwa nini nitakwambia yanayofuata.

Aliyepita madrasa anaijua kazi ya irabu za Kiarabu. Herufi ni zile zile, lakini fataha, kasra na dhuma ndizo zinazoamua zisomwe vipi, na sukuni huinyamazisha herufi. DNA ndizo herufi. Juu yake kuna vialama vya kemikali ambavyo havibadilishi herufi hata moja, ila huiambia chembe jeni ipi isomwe na ipi iachwe. Elimu ya vialama hivyo ndiyo epijenetiki, na katika mbegu ya kiume vipo vya namna tatu.

Vya kwanza ni vikundi vidogo vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA yenyewe. Kuna jeni iitwayo H19, kwenye kromosomu ya 11, ambayo eneo linaloiongoza linatakiwa liwe limebandikwa methili ndani ya mbegu. Nyingine, MEST, inatakiwa iwe wazi. Kwa wanaume wenye mbegu chache tafiti kadhaa zimekuta mambo yamepinduka: H19 imepoteza methili zake na MEST imebandikwa.

Vya pili viko kwenye ufungaji. Chembe za kawaida za mwili huviringisha DNA kwenye protini ziitwazo histoni. Mbegu ikikaribia kukomaa huzitoa karibu zote na kuweka protamini mahali pake, nazo huibana DNA mpaka kichwa kinakuwa kidogo, kigumu, tayari kwa safari. Binadamu hubakisha histoni kidogo, kama asilimia 5 hadi 15, na zinazobaki hazikubaki ovyo, nyingi ziko kwenye jeni ambazo mimba changa itazihitaji mapema. Protamini zenyewe ni aina mbili, na zinatakiwa ziwe karibu sawa kwa sawa. Uwiano ukivunjika, DNA inabaki imelegea na inakatika kwa urahisi.

Vya tatu ni RNA ndogo ndogo, vipande vifupi vya maelezo vilivyonakiliwa kutoka kwenye DNA. Nyingi hupakiwa mwishoni, ndani ya ule mrija wa mita 6, na kwa hiyo hubadilika upesi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, waliwapa vijana 15 wenye afya chakula bora kwa wiki moja, kisha wiki iliyofuata wakawaongezea sukari nyingi. RNA ndogo za mbegu zao zilibadilika, na mwendo wa mbegu nao ukabadilika, vyote ndani ya wiki mbili.

Sasa usije ukaogopa kwamba soda ya jana itamfuata mjukuu. Mbegu ikishaingia, yai hufuta vialama vingi vya baba ndani ya saa chache, ingawa vile vya H19 na jamaa zake huachwa. Habari za baba kurithisha vialama vya ulaji wake mpaka kwa wajukuu kwa sehemu kubwa zimetoka kwa panya wa maabara. Kwa mtu anayetafuta mtoto, ninaloliona la maana ni hili tu: jeni mbovu huwezi kuzibadili, lakini baadhi ya vialama hivi huandikwa upya kila mzunguko wa mbegu, na sehemu yake iko mikononi mwako.

Kutoa kipimo bila kukiharibu

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika, kwa hiyo nitakawia.

Piga simu maabara kabla ya kutoka nyumbani. Uliza wanapima mbegu siku gani na saa ngapi, kama wana chumba cha kutolea, na kama wanaangalia umbo la mbegu kwa kuzipaka rangi au wanahesabu tu wingi. Siyo kila maabara yenye bango la "vipimo vyote" inafanya kazi hii sawasawa. Kama jibu la simuni ni "lete tu wakati wowote", tafuta nyingine.

Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Chini ya hapo wingi hushuka, na ukizidisha mbegu hulimbikizana zikazeeka. Kuna wanaokaa mwezi mzima wakidhani wanaweka akiba. Wanachokileta ni mbegu nyingi zilizokufa. Kama umepata homa kali karibuni, malaria au dengi, mwambie anayekupima na ikiwezekana ahirisha, kwa sababu homa hushusha mbegu kwa miezi miwili mitatu baadaye. Ramadhani toa usiku ikiwa maabara inakubali, au subiri mwezi umalizike.

Kikopo ni cha maabara. Usilete kilichokuwa na asali wala dawa ya mtoto, hata ukikichemsha. Usitumie mate, mafuta ya nazi, sabuni wala mafuta ya kulainisha, vyote huua mbegu au huzizuia kutembea. Kondomu ya kawaida ya dukani nayo haifai. Ipo kondomu maalumu ya kukusanyia manii, isiyo na dawa ya kuua mbegu, na maabara ikiombwa mapema huweza kukuagizia.

Najua kuna wanaokwama kutoa kwa mkono wao wenyewe kwa sababu ya dini, na sipendi kuona mtu akilazimishwa au akichekwa. Muulize sheikh unayemwamini. Wengi hufuata njia ya mke kumsaidia mumewe kwa mkono wake, na maabara yenye adabu huwapa nyinyi wawili chumba na muda. Njia ambayo haifai kitaalamu ni kukutana kisha kuchomoa mwishoni, maana tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote na ndilo linalopotea. Kwa sababu hiyo hiyo, likimwagika lolote wakati wa kutoa, sema. Tutakupangia siku nyingine, na hakuna atakayekucheka.

Kikopo kinatakiwa kifike ndani ya saa moja, na kadiri kinavyowahi ndivyo bora. Kiandike jina na saa uliyotoa. Kibebe ndani ya shati, karibu na ngozi. Usikiweke kwenye friji, na usikining'inize kwenye mfuko wa boda juani. Alikuja bwana mmoja kutoka upande wa Mambrui na kikopo ndani ya chupa ya barafu, kakifunga vizuri na gazeti, kwa nia safi kabisa. Chini ya hadubini mbegu zilikuwa zimejaa kama nyota, hakuna hata moja iliyotikisika. Tulipompa siku nyingine akatolea pale pale, zaidi ya nusu zilikuwa zinakwenda.

Ukikaa mitaa ya Malindi kama Barani, Shela au Majengo unaweza kutolea nyumbani na kufika. Ukitoka Marafa au ndani zaidi, usijaribu. Kwa Lamu hesabu ni ya bahari: Shela hadi mjini kwa boti ni karibu, lakini kutoka Faza, Siyu au Kizingitini saa moja imeisha hujafika. Njoo mjini, pumzika, tolea hapo hapo.

Kuisoma karatasi ya majibu

Viwango vinavyotumika ni vya Shirika la Afya Duniani, toleo la mwaka 2021. Manii mililita 1.4 au zaidi. Mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na jumla milioni 39 katika kikopo kizima. Zinazotikisika asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30. Zenye umbo zuri asilimia 4.

Hiyo 4 huwashtua watu. Mume anasoma "umbo zuri asilimia 5" anadhani ameanguka mtihani wakati amepita. Mbegu nyingi za mwanamume yeyote mzima zina kasoro ya kichwa, shingo au mkia. Elewa pia namba hizi zilitoka wapi: walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, ukachukuliwa mstari ambao asilimia 5 tu kati yao walikuwa chini yake. Kwa hiyo walio chini ya mstari nao wamezaa. Walio juu yake hawakupewa hakikisho.

Karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu. Mbegu za mtu yule yule hupanda na kushuka mno wiki kwa wiki. Kama ya kwanza ni mbaya, rudia. Na kama imeandikwa sifuri, usiende nyumbani kulia. Rudia, kisha mwone daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume. Sifuri huwapata karibu asilimia 1 ya wanaume wote, na kwa baadhi yao mbegu zinatengenezwa vizuri ila njia imeziba.

Karatasi hii haisemi lolote kuhusu vialama wala ufungaji wa DNA. Ndiyo maana wapo wenye karatasi safi na mtoto hapatikani.

Daktari akushike

Maneno haya huwafanya watu wakimbie, lakini daktari asiyekuvua nguo hajakupima. Anatafuta mambo machache.

Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, varikoseli, ambayo wengi wakiigusa huhisi kama furushi la minyoo, hasa upande wa kushoto. Wanayo karibu asilimia 15 ya wanaume wote, na kati ya wenye tatizo la uzazi hufika 35 hadi 40. Damu inayotuama hupasha korodani joto, na joto huharibu ufungaji wa DNA. Inayoshikika kwa mkono, pamoja na kipimo kibaya, hutibika kwa upasuaji.

Busha. Pwani yetu yote, kuanzia Kwale mpaka Lamu, ni eneo la matende, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu, na busha ni mtoto wake. Watu hulificha chini ya kikoi miaka na miaka. Maji yale huifunika korodani na kuinyima baridi inayoihitaji, maana korodani hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya la mwili. Upasuaji wake ni wa kawaida kabisa. Ukisikia kambi ya upasuaji wa busha imetangazwa, jiandikishe.

Kichocho: kama umekulia kando ya Mto Tana au Sabaki na uliwahi kukojoa damu, au manii yana damu, sema. Dawa ipo. Zaidi ya hapo daktari huagiza vipimo vya homoni, yaani FSH (ya ubongo inayoziamuru korodani) na testosteroni (homoni ya kiume), ikiwa mbegu ni chache sana, na hupima sukari na magonjwa ya zinaa.

Miezi mitatu ya matengenezo

Chagua tarehe ya kuanza na uiandike. Kipimo cha pili kitakuwa siku 90 baadaye.

Anza na ya kuvuta na kutafuna. Sigara imehusishwa na DNA iliyokatika na methili zilizobadilika, na sijui mtaalamu anayeitetea. Kuhusu bangi tuna habari njema isiyojulikana sana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikuta vialama vya mbegu za wavutaji ni tofauti na vya wasiovuta, kisha wakawataka wavutaji waache kwa siku 77. Mabadiliko mengi yalipungua. Siku 77, yaani mzunguko mmoja wa mbegu.

Muguka na miraa ni mazungumzo mengine huku. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, mahakama ikaisimamisha marufuku, na mabishano yakabaki ya siasa na biashara. Tuyaache. Tafiti za Yemen, ambako miraa hutafunwa mchana kutwa, zilikuta watafunaji wakubwa wana mbegu chache, zenye mwendo dhaifu na maumbo mabovu. Tena mtafunaji wetu hatafuni kavu: kuna soda, kuna pipi, kuna sigara, na usingizi unaharibika. Kama kuacha ghafla kunakushinda, anza kwa kuondoa vile vinavyofuatana nayo.

Tembo la mnazi na bia, punguza sana. Glasi ya harusini haitakumaliza. Ya kila jioni itakurudisha nyuma.

Sindano na vidonge vya kujaza misuli vinastahili onyo zito. Testosteroni ya nje huuambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, ubongo unasimamisha amri, na korodani zinaacha kutengeneza mbegu, wakati mwingine mpaka sifuri. Vijana wa gym hawaambiwi. Ukiziacha, uzalishaji kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi, na wengine zaidi ya mwaka.

Joto. Muoka mikate mbele ya tanuri, mpishi wa pilau za shughuli, fundi wa boti anayelala chini ya injini moto: kama huwezi kubadili kazi, badili muda, toka nje kila baada ya kitambo, oga maji baridi. Kompyuta isikae mapajani. Utafiti wa Boston wa mwaka 2018 kwa wanaume 656 ulikuta waliovaa chupi pana wana mbegu nyingi kwa asilimia 25 kwa kila mililita kuliko waliovaa za kubana. Kwa hili babu zetu wa kikoi walitutangulia. Jinzi ya kubana kwenye jua la Malindi haina mtetezi. Kuhusu kiti cha bodaboda, ushahidi si mzito kama watu wanavyovumisha, ila mwenye zamu ya saa kumi na mbili ashuke anyooshe miguu.

Rangi za boti, resini ya faiba, thina na dawa za kunyunyizia miembe: vaa glavu, fanyia kazi penye upepo, na usile na mikono hiyo. Hili ninalisema kwa ukali kwa mafundi wa faiba kwa sababu nimewaona wakinawa mikono kwa petroli.

Chakula. Hatuna haja ya kuagiza chochote kutoka nje. Samaki wa mafuta kama vibua na dagaa, kunde, mbaazi, mchicha, mabenda, maembe na mapapai ya msimu, korosho za Kilifi bila chumvi nyingi. Uhispania mwaka 2018 walichapisha jaribio la gramu 60 za karanga za miti kwa siku, wiki 14, na wingi, mwendo na uzima wa DNA vikawa bora. Hawakutumia korosho, walitumia jozi, lozi na hazelnuti, kwa hiyo sisemi ni kitu kimoja. Lakini konzi ya korosho badala ya kaimati za saa kumi ni badiliko ninaloliunga mkono. Sukari ndiyo adui wetu wa kimyakimya: chai ya vijiko vinne, mahamri, halwa, soda ya mchana. Chai ya kijiko kimoja inazoeleka ndani ya wiki mbili.

Supu ya pweza ni tamu na ina protini na zinki, kunywa. Mbegu hazitaongezeka kwa bakuli moja usiku wa Ijumaa.

Vidonge vya kununua navitilia shaka kuliko wanavyopenda wauzaji. Mwaka 2020 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la ndoa 2,370: wanaume walipewa asidi ya foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30 kila siku kwa miezi 6, wengine kidonge kitupu. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na DNA iliyokatika ikawa zaidi kidogo kwa waliokunywa dawa. Kumbuka hilo ukiambiwa mkebe wa "kuongeza mbegu" ni lazima. Unga wa nguvu za kiume wa kwenye vibanda usiuguse. Dawa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimetiwa sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, kimya kimya, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa nayo.

Uzito na mwendo. Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen walilinganisha mbegu za wanaume wanene na wembamba wakakuta vialama tofauti, na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito vialama vyao vikabadilika. Miaka miwili baadaye waliona mabadiliko kwa wanaume waliofanya mazoezi kwa wiki sita tu. Kutembea kwa kasi dakika 30 ufukweni asubuhi, au kutoka mjini Lamu mpaka Shela kwa miguu na kurudi, kunatosha kuanzia. Mwenye kisukari adhibiti sukari kwanza, yote mengine yanafuata.

Umri hauna dawa. Baba huongeza kama mabadiliko mawili mapya ya jeni kwa mtoto kwa kila mwaka anaozeeka, na vialama vya mbegu navyo husogea. Mzee wa miaka 55 aliyeoa mke wa pili na anamlaumu binti wa watu kwa kuchelewa, naye apimwe.

Kipimo cha pili, na cha ziada

Siku ya 90, rudi maabara ile ile, na siku za kujizuia ziwe sawa na za mwanzo, ili namba zilinganike. Zikipanda, endeleeni nyumbani kwa miezi mingine 6 ikiwa umri wa mke unaruhusu.

Kipimo cha DNA iliyokatika kinafaa kwa wachache: mimba za mke zimeharibika mara kwa mara, una varikoseli, au upandikizaji wa mimba umeshindwa bila sababu. Huenda ukalazimika kwenda Mombasa au Nairobi. Maabara nyingi huhesabu chini ya asilimia 15 kuwa vizuri na kuvuka 30 kuwa vibaya. Ikiwa juu, kukutana mara nyingi zaidi, kila siku au kila baada ya siku moja, kwa kawaida huishusha, kwa kuwa mbegu hazikai muda mrefu zikichakaa.

Kipimo cha epijenetiki yenyewe kinauzwa Marekani. Katika utafiti wake, wanaume wenye vialama vilivyovurugika sana walipata watoto wachache zaidi kwa njia ya kupandikiza manii ndani ya kizazi cha mke, lakini kwa njia za kutungisha yai maabara tofauti haikuonekana. Kinavutia, ila leo sitakwambia uuze ng'ombe ukakifuate. Jibu lake kwa sehemu kubwa lingekurudisha kwenye miezi mitatu ile ile.

Mkifika kwenye ICSI

Mbegu zikiwa chache mno, njia iliyobaki ni ICSI: mbegu moja inachaguliwa na kudungwa ndani ya yai. Ilifanikiwa kwa mara ya kwanza Brussels mwaka 1992, na hapa nchini hufanyika Nairobi na Mombasa. Magonjwa nadra ya vialama, kama Beckwith-Wiedemann ambao mtoto hukua kupita kiasi, huonekana zaidi kidogo kwa watoto wa njia hizi, lakini hubaki nadra sana, na haijajulikana kama sababu ni maabara au ni mbegu za wazazi wenyewe. Mwulize daktari waziwazi. Uliza pia gharama ya mzunguko mmoja pamoja na dawa, kwa sababu bei ya bangoni mara nyingi haina dawa ndani yake.

Bebeni karatasi zote mbili za mbegu, majibu ya homoni, picha za ultrasound za mke na orodha ya dawa mlizokunywa, za hospitali na za mitishamba. Kliniki nyingi hutaka kumpima mke siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, kwa hiyo wa Lamu wapange boti na basi kwa tarehe hiyo, na wapate pa kulala Mombasa usiku wa kuamkia.